Harufu Kwenye Mlima wa Furu

Embrayage ya tatu ilipoungua, Papa alitangaza mezani, fufu ikiwa bado inatoa mvuke mbele yake, kwamba Gracien hatanioa.

"Ule kijana hapana," alisema. "Banaume bengine banaharibu nyumba, bengine banaharibu jina ya famille. Yeye anaharibu embrayage. Leo embrayage, kesho mutoto wangu."

Mama aliendelea kupakua sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. "Zorobabel, mutoto haiko gari."

"Njo nasema! Kama gari inamushinda, mutoto je?"

Mimi nilikuwa karibu na mlango. Kwetu binti hajibu wakati jina la mchumba wake liko mezani. Nilitazama sombe mpaka macho yakaniwasha.

Kwa asiyejua mambo ya magari: embrayage ni ile sahani iliyofichwa kati ya injini na gia. Ukikanyaga pedali ya kushoto, inaachia. Ukiinua mguu, inashika, na nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu. Ikichoka, injini inalia na gari halisogei. Ikiungua, inatoa harufu ya kwato za mbuzi zilizosahauliwa motoni, na harufu hiyo haifichiki, hata ukiwa na perfume ya namna gani.

Nilijua haya yote kwa sababu ya mapenzi. Wasichana wengine waliimbiwa. Mimi nilielezwa turbo. Gracien Lusenge alikuwa na garage yake Bungulu, kule Beni, na gari lake lilikuwa dogo, jekundu, fupi nyuma kama kuku aliyenyonyolewa mkia. Lilikuwa la gia za mkono. Liliingia kwa mpaka wa Kasindi, na usukani wake ulikuwa kuume, kama magari mengi yanayopitia Uganda, na kwa kuwa kwetu tunaendesha kuume, dereva alikaa upande wa pembeni mwa barabara, uso kwa uso na wanaotembea kwa miguu. Wakati ule sikujua kama jambo hilo la usukani litaingia katika ndoa yangu.

Siku ya kwanza aliponifungulia kapo ya gari lake, kile kifuniko cha injini, nilimuuliza kile kidude kama konokono ni nini.

"Turbo. Ni mapafu ya pili, Kya. Moshi yenye inatoka inazungusha feni, feni inasukuma hewa ndani ya injini. Miye nilifungua calculateur, ile ubongo ya gari, na ordinateur yangu, nikaiongezea pumzi. Kidogo tu."

"Kidogo namna gani?"

Aliniangalia juu ya injini, mkono mmoja ukiwa na grisi hadi kwenye kiwiko. "Kidogo ya kunifikisha kwako mbele ya hamu kuniuwa."

Ni hapo moyo wangu uliachia pedali.

Embrayage ya kwanza ilipoungua, nyumbani kwetu Butembo, Gracien hakushangaa. Alisema ni kosa lake: pumzi aliyoongeza ilizidi nguvu ya sahani ya kiwandani. Aliagiza nyingine kutoka Kampala, nene, ya magari ya mashindano. Hiyo nayo iliungua, tena uani kwetu. Safari hii alisema Butembo iko juu sana, hewa ni nyembamba, turbo inateseka.

"Sasa ni kosa ya Butembo?" Papa aliuliza.

Basi Gracien alirudisha pumzi chini. Aliondoa karibu yote aliyoongeza, gari likawa, kwa maneno yake, pole kama gari la padri, naye ni Mkatoliki, anajua anachosema. Halafu akatia embrayage ya tatu. Iliungua.

"Hii gari yangu inakuchukia," aliniambia kwa simu, sauti imeishiwa. "Huku Bungulu inakimbia muzuri, inapanda, inashuka, hata harufu hakuna. Ikifika kwenu tu, inaungua."

"Labda ni weye njo unaungua."

"Miye niliungua zamani, Kya. Lakini miye sitoi moshi."

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, bila yeye kusikia. Alikuwa fundi mwenye kujivunia kazi yake, na sasa wateja wa Beni walianza kumwita Docteur Embrayage.

Mama ndiye aliyemlainisha Papa. Sijui alitumia maneno gani. Najua tu kwamba asubuhi moja Papa alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati na kusema, bila kunitazama: "Wajomba yake bakuje. Atie embrayage ingine. Gari ikiwafikisha muzima na kuwarudisha muzima, nitabasikiliza. Mais ikitoa harufu, harufu moja tu, barudie na mbuzi zao."

Papa alikuwa shemasi. Neno lake likishatoka, lilikuwa kama msumari kwenye mbao za kanisa.

*

Walifika Jumamosi asubuhi: Gracien, mjomba wake Oncle Henri, na shangazi yake Tantine Agar aliyebana mkoba wake kifuani kana kwamba turbo ingeunyakua. Mbuzi wa mahari walikuwa wametangulia kwa camion, lori la mizigo, nao walikuwa wamefungwa uani kwetu. Gari lilipanda mlima wetu wa Furu likinguruma polepole. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikivuta hewa kwa pua kama mbwa wa mwindaji. Hakuna harufu.

Gracien aliliona pazia likisogea. Hakutabasamu, kwa sababu Papa alikuwa mlangoni, lakini aligusa kapo ya gari kwa vidole viwili, kisha akagusa kifua chake. Ilitosha.

"Karibuni, karibuni," Papa alisema. "Mulisafiri muzuri?"

"Muzuri sana, Papa," Gracien alijibu, na kama kila mara alipokuja, akatoa ufunguo na kuuweka katika mikono miwili ya Papa. Ni heshima. Mchumba hakai nyumbani kwa mkwe na ufunguo mfukoni, kama mtu anayetafuta nafasi ya kukimbia. Na kama kila mara, Papa aliupokea kwa uso wa ibada, akasema, "Nitaisogeza kwa kivuli, jua isiharibu rangi."

Kila mara alilisogeza kwenye kivuli. Kila mara kivuli hicho kilikuwa mbali kidogo. Nani atamuuliza mwenye nyumba anatoka wapi?

Siku hiyo alitazama meza, akahesabu watu kwa macho. "Fanta haitafika. Kyakimwa, twende kwa dépôt tuongeze kasha."

Sikuwa nimewahi kukaa ndani ya gari lile. Binti haonekani katika gari la mchumba kabla wazee hawajazungumza. Lakini na Papa hakuna neno, basi nilifunga mlango, naye akasukuma gia ya kwanza.

Wasomaji, Papa wangu alibadilika. Mtu huyu aliyeimba besi kanisani bila kufungua macho alikaa mbele, kidevu karibu na usukani, na tulipofika pale chini njia inaponyooka, alikanyaga. Injini ilivuta pumzi, ikafanya fyuuu.

"Sikia!" Papa alisema. "Ulisikia?"

"Nilisikia, Papa."

"Njo turbo!" Akakanyaga tena. Fyuuu. Akacheka, kicheko chembamba cha mvulana, nami sikuwa nimewahi kukisikia tangu nizaliwe. "Mama yako hapana ambie."

Tulichukua kasha mbili za Fanta, tukaanza kurudi. Tulipofika katikati ya mlima, mahali penye mwinuko mkali, jirani yetu Mama Élise alikuwa ameketi kando ya njia na avoka zake, maparachichi ya kuuza. Papa alisimama. Usukani kuume, dirisha wazi, uso wake ulikuwa karibu kabisa na uso wa Mama Élise.

"Wavukire, Mama Élise!" Papa alimwamkia kwa lugha yetu.

"Wavukire, Shemasi! Mama Jokébed aliamuka?" alimuulizia mama yangu.

"Aliamuka. Na muzee wako?"

"Aliamuka, mguu tu."

"Mguu wa kuume?"

"Ule wa siku zote."

Na wakwe wa kule Musienene? Walikuwa wazima. Na yule mbuzi aliyezaa mapacha? Pacha mmoja hakuwa ananyonya vizuri. Papa alisikitika kwa ajili ya pacha. Kwetu salamu haikatwi. Anayekata salamu anasema kwamba watu wako si watu.

Lakini mimi nilikuwa ninatazama chini. Mguu wa kushoto wa Papa ulikuwa nusu juu ya pedali, nusu hewani. Mguu wa kuume ulikuwa unakanyaga mafuta kidogo kidogo. Gari halikupanda wala halikushuka. Lilining'inia pale mlimani, injini ikiomboleza, huku sahani ya Gracien ikisuguliwa mpaka pacha wa mbuzi apone.

"Papa," nilinong'ona, "mguu."

"Hapana kukatiza watu salamu."

Alipomaliza tulisogea hatua chache, tukafika kwa Papa Maliro, mshonaji, aliyekuwa mlangoni na sindano mdomoni. Papa alisimama tena. Injini ikaanza tena kuomboleza. Harufu ya kwanza iliingia kwa dirisha, nyembamba, ya kwato.

"Papa, vuta frein ya mkono!" nilisema, nikionyesha ile breki kati yetu.

Papa alinigeukia, akishangaa kweli. "Frein ya mkono ni ya mutu mwenye amefika. Nikivuta frein mbele ya mutu, si nasema niko nakaa? Atakimbia kuniletea kiti. Ataua kuku. Nitamuachia deni ya bure."

"Basi acha irudi nyuma kidogo."

"Nisalimie mutu niko narudi nyuma? Weye ulilelewa wapi?"

Papa Maliro alitoa sindano mdomoni, akaulizia watoto wote wa nyumba yetu, kwa majina. Papa alimjibu kwa majina. Moshi ulianza kutoka chini ya kapo. Papa alipotaka kuondoka alikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele kubwa, na gari halikwenda popote. Kisha, polepole, likaanza kurudi nyuma. Lilirudi, lilirudi, mpaka dirisha la Papa likafika tena mbele ya avoka. Hapo ndipo alipokumbuka frein ya mguu.

Yeye na Mama Élise walitazamana.

"Wavukire tena, Mama Élise," Papa alisema, kwa adabu.

*

"Unaona?" Papa alisimama njiani akipunga moshi kwa kofia. "Unaona embrayage ya ule kijana? Nilisema. Harufu! Wajomba bako pale juu, na harufu iko hapa. Enda umuite."

Uso wake haukuwa na hila yoyote. Hakujua. Kwa miezi yote hiyo alikuwa anaua embrayage kwa kusalimia watu, na hakujua.

Nilipanda mlima mbio, viatu vya sikukuu mkononi. Gracien alikuwa tayari getini, pua juu. Harufu ilikuwa imefika kabla yangu, na uso wake ulikuwa umekwisha.

"Ya ine," alisema, akiinua vidole vinne. "Kya, ni ya ine. Nilipima pression ya turbo mara mbili. Nilikaza kila kitu. Mi sijue tena kazi yangu. Papa yako ana haki, mutu kama miye..."

"Gracien, nyamaza usikie. Ni Papa."

"Papa nini?"

Nilimweleza. Mguu nusu hewani, pacha wa mbuzi, usukani wa kuume, dirisha wazi, mlima wote wenye waamini. Niliona jambo likimwingia polepole. Mabega yalishuka. Halafu alishika nguzo ya geti na kuanza kucheka bila sauti, machozi yakimtoka.

"Kumbe ni salamu," alisema. "Nilitafuta kwa calculateur. Nilitafuta kwa mafuta. Nilisema ni hewa ya Butembo! Kumbe ni salamu."

"Twende umwambie."

Kicheko kilikauka. "Hapana."

"Namna gani, hapana?"

"Kya, miye niende mbele ya oncle yangu, nimwambie mukwe: Papa, ni mguu yako? Siku ya kwanza ya kuongea? Hapana."

"Alisema harufu moja tu, murudie na mbuzi. Unasikia? Anatukatalia, Gracien! Na weye unamulinda?"

"Namulinda, ndiyo. Ni papa yako."

"Na miye ni nani?"

Aliniangalia. "Weye ni mutu nitaishi naye. Sitaki kuanza na kumupatia haya mutu mwenye alikulea. Nitarudi tena. Nitaleta mbuzi mara ya pili. Nitatia embrayage ya chuma ya camion kama ni lazima."

"Uko mujinga," nilimwambia, nikilia.

"Niko," alisema, na akashuka.

Nyuma yetu wote walikuwa wametoka: Oncle Henri na glasi yake ya Fanta, Tantine Agar na mkoba wake, Mama na kitambaa cha jikoni begani. Tulishuka kama maandamano. Papa alikuwa anangoja karibu na gari, mikono nyuma.

"Gracien."

"Papa." Gracien aliinama kidogo. "Nisamehe. Ni kosa yangu. Niliweka nguvu mingi kwa injini, embrayage haivumilie. Nilikuharibia siku."

Oncle Henri aliweka glasi juu ya gari na kuangalia mbali, kama mtu ambaye mbuzi wake wanarudi Beni. Papa alikohoa kuanza hotuba.

"Mais," alisema Mama Élise kutoka kwa avoka zake, "kosa gani tena? Si kila mara Shemasi akinisalimia na hii gari inatoa moshi?"

Oncle Henri aligeuka kumtazama.

"Nilifikiri njo turbo," aliendelea, akiifuta avoka moja kwa kanga. "Anasimama hapa, inalia, inatoa moshi, anaenda kwa Maliro, inalia tena. Hata batoto ba hapa bakisikia ile harufu banasema: Shemasi iko nakuja."

"Ni kweli," alisema Papa Maliro kutoka juu. "Miye nafunga dirisha, nguo za watu zisinuke."

Papa aliangalia kiatu chake cha kushoto. Kilikuwa kimepakwa rangi vizuri sana. Alikiangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayemtambua mwizi ndani ya jamaa yake.

"Gracien. Ulijua?"

"Nilijua sasa hivi tu, Papa."

"Na ukasema ni kosa yako. Mbele ya wazee."

"Ndiyo, Papa."

"Donc ulinidanganya."

"Nilikudanganya, Papa."

"Na zile zingine, za kwanza?"

"Zile niliamini kabisa ni miye."

Papa alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Basi ulibeba kosa yangu siku zote bila kujua," alisema polepole, "na leo umeibeba ukijua." Kisha akageuka nyuma ya gari na kuegemeza bega lake. "Tusukume. Fanta inapata moto."

Tulisukuma, wote. Papa na Gracien walikuwa bega kwa bega, Oncle Henri akishika usukani kupitia dirishani na Tantine Agar akisukuma kwa mkono mmoja kwa sababu ya mkoba. Tulipofika kwa Papa Maliro, Papa alisimama, kwa kuwa Oncle Henri na Maliro walikuwa hawajasalimiana. Gracien alizunguka upande, akaingiza mkono dirishani na kuvuta frein ya mkono. Krrrk. Gari likatulia mlimani kama ng'ombe aliyelala.

Papa alingoja. Salamu ziliisha. Alimtazama Maliro.

"Hakuleta kiti," alimnong'oneza Gracien.

"Hakuleta, Papa."

"Wala kuku."

"Wala kuku."

Nyumbani, kila mtu alipokaa, Papa alisimama. Gracien alikuwa upande wa pili wa meza, grisi kwenye shavu, akinitazama bila kujificha tena.

"Nilisema harufu moja tu, barudie na mbuzi zao," Papa alianza. "Neno yangu sikuibadilisha. Mais harufu ilikuwa yangu. Donc kama kuna mutu wa kufukuzwa hapa, ni miye." Akamgeukia Mama. "Nifukuze."

"Ikala, unywe Fanta yako," Mama alisema. "Na mbuzi zikufe njaa huko inje? Kyakimwa, zipatie maji."

Nilitoka kuzipa maji, na Gracien akanifuata bila mtu yeyote kumwita arudi.

*

Embrayage ya tano bado iko ndani ya gari. Gracien alirudisha pumzi yote ya turbo na kuongeza kidogo. Kila Jumapili Papa alilisogeza kwenye kivuli chake cha mbali, na kila alipokutana na mtu mlimani alivuta frein ya mkono kwa nguvu, mtaa wote usikie. Krrrk. Siku ya harusi yetu alituendesha mwenyewe, akavuta frein mbele ya kila mlango, na mchungaji alitungoja mpaka wanakwaya wakaanza kuimba nyimbo walizokwisha kuimba.

Juma lililopita nilipanda Furu, mimi kwenye usukani, Gracien kando yangu, nikiwa bado katika nguo nyeusi za msiba. Kwa Mama Élise nilisimama, nikavuta frein. Aliulizia watu wa nyumba yetu, mmoja mmoja, jinsi alivyozoea. Aliulizia Mama. Alipofika pale ambapo jina la Papa lilikuwa linakaa, hakulitaja, akachagua avoka na kuiweka juu ya magoti yangu. Gracien aliweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye frein, wala hakuharakisha.

Injini ilinguruma taratibu. Hakukuwa na harufu yoyote. Nilivuta hewa, nikaitafuta harufu ile.